Pikapu Haifi kwa Siku Moja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na dirisha, mahali tulipopenda kukaa sisi pia:

Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya maendeleo. Nilimjibu ya kwamba maendeleo yana wasemaji wengi, tena hodari kuliko mimi, lakini pikapu haina msemaji hata mmoja. Akakubali, kwa sharti kwamba nisizidi nusu saa na nisiwachoshe vijana. Nitajitahidi.

Jana jioni, baada ya kupokewa na kuoneshwa vitanda vyetu, wenye pikapu tulijikuta tumekusanyika kando ya uwanja wa mpira bila kuitana. Tulijihesabu, tukawa tisa. Mmoja hubeba maziwa, mwingine samaki kutoka Tanga, mwingine saruji na mabati, wawili mbolea na mbegu. Mimi hubeba kabichi, karoti na nyanya kutoka Lushoto kuteremka Mombo. Tulianza kuzungumza saa kumi na moja, na chakula cha jioni kikapoa. Mengi nitakayosema leo yametoka katika mazungumzo hayo, na sehemu nyingine imetoka katika makosa yangu mwenyewe.

Kwa vijana, nianze mbali kidogo. Sisi tuliosoma hapa zamani tulizikuta barabarani Land Rover, Peugeot 404, na baadaye Peugeot 504 na Datsun ndogo. Toyota Hilux ilianza kuuzwa Japani mwaka 1968, na Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka huo huo. Magari hayo yalibeba mahindi, mbao, wagonjwa, maharusi na maiti. Mtu aliyenunua pikapu kijijini hakuwa amenunua gari la kutembelea, alikuwa amenunua jembe lenye injini. Na jembe, ndugu zangu, hunolewa.

Sasa nieleze kisa changu. Ilikuwa mwaka 1997. Nilikuwa na pikapu ya dizeli ya tani moja, na nilikuwa na utingo, kijana ambaye hakumaliza darasa la saba. Kwa muda wa wiki mbili kijana huyo aliniambia kila asubuhi, "Mzee, maji ya rejeta yamepungua tena." Nami nilimjibu, "Ongeza." Aliongeza maji ya kijito. Sikujiuliza hata mara moja maji yale yalikuwa yanakwenda wapi, maana chini ya gari hapakuwa na hata tone. Na mimi, ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimefaulu Fizikia katika bwalo hili hili.

Siku moja tulitoka Mombo na mifuko ya saruji. Gari lilisajiliwa kubeba tani moja, mimi nilipakia tani moja na nusu na zaidi. Mnaijua barabara ile: zaidi ya kilomita 30, kona juu ya kona, nayo hupanda tu. Tulipopita Soni mshale wa joto ulikuwa umevuka katikati. Utingo akasema, "Mzee, tusimame." Nikasema, "Zimebaki chache." Mwenye saruji alikuwa ananisubiri na fedha mkononi. Kilomita chache baadaye injini ikapoteza nguvu, moshi mweupe ukafunga barabara nyuma yetu, na gari likasimama lenyewe mahali nilipokataa kulisimamisha.

Silinda hedi ilikuwa imepasuka na gasketi imeungua. Fedha zilizolipia hedi nyingine zilikuwa ada ya binti yangu. Alikaa nyumbani muhula mzima. Alirudi shuleni muhula uliofuata, lakini wenzake walikuwa wamekwisha kumwacha katika Hesabu, na hakuwafikia tena mpaka alipomaliza. Hajapata kunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Basi tuulize: maji yalikuwa yanakwenda wapi? Gasketi ilikuwa imeanza kufa polepole, na maji yalikuwa yakiingia ndani ya silinda na kutoka kwa bomba la moshi yakiwa mvuke. Laiti ningepasha gari moto asubuhi na kukaa nyuma kuutazama moshi kwa dakika tano, ningeiona habari yote. Moshi ni barua ambayo injini humwandikia mwenyewe. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: tazama filta ya hewa, kisha noza. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua: ringi zimechoka, au sili za valvu. Moshi mweupe asubuhi kwenye baridi si jambo la kutisha, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, na maji yanapungua, simamisha gari siku hiyo hiyo. Si kesho.

Vijana wa Fizikia, nisikilizeni. Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani, aliifanya injini ya namna hiyo ifanye kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ujazo wake unakuwa kama sehemu moja ya 20 katika dizeli nyingi za zamani, nayo hupata moto mkali kiasi kwamba dizeli ikinyunyizwa huwaka yenyewe. Gasketi ndiyo inayozuia mgandamizo huo usitoroke. Katika injini nyingi hedi ni ya alumini na bloku ni ya chuma. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikizidi joto, hedi hujipinda, na gasketi iliyo katikati haina la kufanya ila kuachia. Ndiyo sababu joto kali la dakika kumi laweza kuharibu kazi ya miaka kumi.

Na kifuniko cha rejeta je? Wengi hukiona kama kizibo cha chupa. Kazi yake ni kubana maji. Maji yakibanwa hayachemki kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, bali hufika karibu nyuzi 118. Kifuniko kikilegea faida hiyo hupotea. Tena huku milimani, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka mapema zaidi, karibu nyuzi 95. Basi mtu anayefunga rejeta yake kwa kitambaa na kipande cha mpira amejinyima nyuzi zaidi ya 20 za usalama. Kifuniko ndicho kifaa rahisi kuliko vyote katika gari, na ndicho tunachokionea uchoyo.

Jana palizuka ubishi mkali juu ya termostati. Wenzangu watatu wameziondoa, kwa ushauri wa mafundi wao, wakiamini kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu wa theluji. Nasema kwa heshima kwamba wamekosea. Injini imeundwa ifanye kazi katika joto lake maalumu. Ikikaa baridi mno hula mafuta zaidi, na oili huchafuka upesi. Tena zipo injini ambazo termostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kupita katika rejeta. Yaani umeondoa kifaa ili gari lipoe, kumbe umelinyima kupoa. Kama termostati imekufa, weka nyingine.

Nisiwachoshe na orodha ndefu, lakini yapo matano ambayo wote tisa tulikubaliana.

La kwanza, oili. Kwa barabara zetu za vumbi na mizigo yetu, sisi wenye magari ya zamani hubadilisha kila kilomita 5,000, pamoja na filta yake. Oili chafu usiimwage kijitoni. Watu wa chini yako wanakunywa maji hayo.

La pili, filta ya hewa. Vumbi lililopita humo huingia katika silinda kama msasa. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, usije ukalisukuma vumbi ndani zaidi.

La tatu, maji katika dizeli. Chini ya filta nyingi za dizeli pana kifungulio cha kutolea maji. Kifungue mara kwa mara, hasa kama hununua mafuta ya madumu. Pikapu za kisasa husukuma dizeli kwa kanieneo zaidi ya mara 1,000 ya hewa inayotuzunguka, kwa hiyo noza zake hazistahimili uchafu hata chembe. Gari la zamani likinywa mafuta mabaya hukohoa. Hili jipya hulala kabisa, na kuliamsha ni gharama.

La nne, mkanda wa taimingi, kwa injini zilizo nao. Kitabu cha gari ndicho hutaja kilomita, na kwa nyingi ni 100,000 au karibu na hapo. Mkanda hautoi taarifa. Ukikatika gari likienda, valvu na pistoni hugongana katika injini nyingi za dizeli, na hapo si matengenezo tena, ni mazishi. Ukinunua gari lililotumika na muuzaji hana maandishi, badilisha mkanda kabla hujapakia mzigo wa kwanza.

La tano, breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu mwaka hata mwaka, na yakiwa na unyevu huchemka upesi unapoteremka mlima. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Nanyi madereva wa Mombo, teremkeni kwa gia ile ile ambayo mngepandia. Mguu usilale juu ya breki kutoka juu mpaka chini.

Sasa nije kwenye bodi, maana wengi wetu huihudumia injini kama mgonjwa na bodi kama jalala. Kumbe bodi ndilo linaloleta chakula nyumbani. Injini hulisukuma tu.

Bodi lina maadui wawili. Adui wa kwanza ni uzito. Watu huongeza majani ya springi, wakadhani gari la tani moja limekuwa la tani mbili. Springi zimeongezeka, lakini ekseli, breki, fremu na matairi ni yale yale. Halafu ipo habari ya mahali pa kuweka mzigo. Ekseli ya nyuma ni egemeo, na gari ni wenzo. Mzigo mzito ukiwekwa nyuma ya egemeo, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani hautii kwenye kona. Mifuko mizito ianzie karibu na kibanda cha dereva, myepesi ifuate nyuma.

Adui wa pili ni kutu. Hapa mwenzetu wa samaki alitufundisha sote. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, na chumvi hula bati usiku na mchana. Mwenzetu wa mbolea naye akasema mbolea ya chumvichumvi ni ndugu yake. Kila mmoja alikuwa na kinga yake. Mmoja ametandika mbao. Ni rahisi, hupokea vishindo vya mawe na hubadilishwa ubao mmoja mmoja, ila hunyonya maji. Mwingine ametandika mpira mnene, ambao mzigo hauteleziki juu yake. Wawili wana karai la plastiki lililofinyangwa kufuata umbo la bodi. Mmoja amepuliziwa rangi nene inayoganda kama mpira na kushikana na bati, na hiyo ndiyo bora kama bati lilisafishwa vizuri kwanza. Likiwa na kutu chini yake, umemvika mgonjwa shati jipya.

Lakini karai la plastiki lina siri, nami nawaomba mlisikie hili vizuri. Mchanga na maji hupenya chini yake. Gari likitikisika, plastiki husugua mchanga ule juu ya rangi mpaka bati linabaki tupu, na maji yapo papo hapo yanasubiri. Juu panang'aa, chini panaoza. Mwenye nalo alinyanyue kila mwezi, aoshe, azibue matundu ya kutolea maji, na aache pakauke. Penye kutu asugue kwa brashi ya waya mpaka bati jeupe lionekane, apake rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Kazi ya Jumamosi moja.

Na neno moja juu ya watu. Bodi si mahali pa abiria. Najua usafiri ni shida, na mimi nimewahi kubeba waombolezaji. Lakini mtu aliyekaa juu ya magunia hana cha kumshika gari likifunga breki, na gunia la kilo 100 halijui kwamba aliye mbele yake ni shangazi yako. Tangu nilipoona gari la mwingine limepinduka pale kona za Soni, nimeacha. Wanaonikasirikia wapo, nami nawavumilia.

Ndugu Mwenyekiti, nimalize na jambo lililonifanya nikubali kusema leo.

Nyuma ya jiko la shule, juu ya matofali, imekaa pikapu ya shule. Wote mmeiona. Haijatembea kwa miaka miwili. Ilikuwa ikibeba kuni, mahindi, na mgonjwa wa usiku. Mwezi uliopita, naambiwa, kijana wa bweni alishikwa na tumbo saa nane usiku, akapelekwa hospitali kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwalimu wa zamu ili asianguke. Alipona, namshukuru Mungu. Sikusudii kumlaumu mtu. Mimi niliyemsimamisha binti yangu shule kwa ajili ya rejeta sina mdomo wa kumlaumu mwenye gari bovu.

Leo asubuhi wenzangu wawili na mimi tuliifungua boneti, na vijana kumi hivi wa Kidato cha Tatu wakiwa wametuzunguka. Tulichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilipoiona niliitambua kama mtu anavyolitambua kovu lake mwenyewe: maji yameingia. Tukalinyanyua karai la plastiki la bodi, zuri, halina hata mkwaruzo. Chini yake palikuwa na mashimo mawili, kila moja mkono unapita. Kijana mmoja akauliza, "Mzee, mbona kwa juu ni zima?" Sikuwa na jibu refu. Nilimwambia, "Hakuna aliyelinyanyua."

Lakini habari si mbaya yote. Tulimwaga oili ile, tukafungua plagi za kupashia joto, tukatia oili safi kidogo katika kila silinda, tukaizungusha injini kwa spana. Ilizunguka. Haijakwama. Kwa kadiri tunavyoona inahitaji gasketi, hedi ipimwe unyoofu na nyufa, rejeta izibuliwe, mipira ya maji, betri, na bati la bodi lichomelewe. Kama hedi imepasuka gharama itazidi, na tutawaambieni ukweli.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya mkutano. Sisi wenye pikapu tisa tumekubaliana kuchanga vipuri na fundi. Hatuombi fedha za mfuko wa ukumbi. Tunaomba mambo mawili tu. Kwanza, kazi ifanyike hapa shuleni siku za Jumamosi, vijana wakishika spana, si wakitazama kwa mbali. Pili, siku gari litakapotoka, liwe na daftari, la kawaida kama haya ya mazoezi. Kila asubuhi kijana wa zamu aandike: oili, maji, kilomita, matairi, rangi ya moshi. Kila mwisho wa mwezi aandike: karai limenyanyuliwa. Akikuta maji yamepungua siku mbili mfululizo, awe na ruhusa ya kwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu na kusema gari lisitoke, hata kama ni wa Kidato cha Kwanza.

Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko vipuri vyote. Wazee husema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilisikia kila asubuhi kwa wiki mbili, likapuuza kwa sababu msemaji alikuwa utingo. Fizikia yangu yote ilikuwa kichwani, na gari likafa kwa kukosa mtu wa kusikilizwa. Kijana yule bado tunafanya kazi pamoja. Sasa yeye ndiye dereva na mimi ndiye ninayepakia. Yuko nje pale chini ya mti na gari, na daftari lake liko juu ya dashibodi. Baada ya mkutano nendeni mkalitazame. Mwandiko wake si mzuri, lakini hakuna siku iliyorukwa.

Wenye spana, tukutane nyuma ya jiko saa nane.